Foronya Iliyojaa Vidonge vya Mama

Nyumbani kwa Mama,
Nje ya Mirani, Queensland,
Australia.

27 Agosti

Mpendwa Mama Mdogo Liberata,

Nakusalimu kwa heshima na kwa mapenzi ya siku zote. U hali gani huko kwetu kisiwani, Xaghra? Goti lako la kushoto limepoa, au bado linakusumbua ukipanda ngazi za kanisa? Na macho je? Binti yako Dolor aliniambia wakati wa Pasaka kwamba umekataa miwani mipya kwa sababu inakufanya ufanane na karani wa posta. Nilicheka peke yangu jikoni. Najua pia sikukuu ya Bikira ya Septemba inakaribia na kijiji kizima kimeshaanza kugombana juu ya bendi na fataki. Mungu awajalie hali nzuri ya hewa na ugomvi mdogo.

Sisi huku tu wazima. Ni msimu wa miwa, kwa hiyo kila kitu kinanuka molasi, hata shuka zilizotolewa kambani sasa hivi. Darryl, mume wangu, amebaki Townsville na kazi yake, mimi nimehamia hapa kwa Mama tangu Aprili. Kuku wanataga, mbuzi wawili wamebaki, na mikapari, ile mimea ya vitumba vya achari, uliyotuletea mbegu zake ile safari yako moja ya huku bado inatambaa ukutani.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe na simu hamsikilizani. Isitoshe, nikianza kuyasema haya kwa mdomo nitatukana, na wewe si mtu wa kutukaniwa masikioni. Kwenye karatasi naweza kuyachuja maneno. Nitajitahidi, lakini sikuahidi.

Najua umetukasirikia, Mama Mdogo. Dolor hakunificha. Ulipopiga simu Novemba iliyopita kumwambia Mama kwamba Mjomba Wistin amefariki, Mama alicheka. Akakwambia, "Hongera, mmefanya vizuri," kisha akakuuliza kama sungura wameshazaa. Ukakata simu, na tangu siku ile sauti yako hatujaisikia. Kaka yenu wa pekee yuko mle sebuleni ndani ya jeneza, na dada yako anacheka! Ningekuwa wewe, hata mimi ningekata. Baadaye kaka yangu Salvu akawatumia habari kwamba Mama ana ugonjwa wa kusahau, umri umemfika, tumwombee. Nanyi mkaamini, nani angebisha? Hata mimi niliamini. Sasa nataka kukueleza kilichotokea hasa, na nakuomba usome mpaka mwisho hata kama utachefuka njiani, maana mimi nimechefuka tangu Aprili na bado.

Mambo yalianza Baba Karmnu alipofariki. Mama alishindwa kulala. Mtu aliyelala kitanda kimoja na mume mmoja tangu ujana, ukimwondolea yule mume, atalalaje? Alikuwa anakaa barazani mpaka kunakucha. Mke wa Salvu, Lorraine, akamnunulia vidonge vya usingizi dukani, vile vinavyouzwa bila cheti, viko kwenye rafu karibu na dawa ya meno. Ni dawa ileile ya mzio ya zamani, wameibadilisha boksi tu na kuchora mwezi juu yake. Mama akalala. Sote tukafurahi.

Kisha akapata mkanda wa jeshi ubavuni. Vipele vilikauka lakini maumivu yakabaki, akawa hawezi hata kuvaa sidiria. Daktari wetu wa hapa (jina lake sitaliandika, sitaki kuchafua karatasi) akampa kidonge cha mishipa cha kumeza jioni. Kisha Mama akawa anakwenda haja ndogo mara kwa mara, akapewa kidonge cha kukaza kibofu. Kisha vumbi la miwa likamwasha ngozi, Lorraine akaleta vidonge vya mzio, na hakuna aliyegundua kwamba ni ndugu wa vile vya usingizi alivyokuwa anameza tayari. Kisha akaanza kupata kizunguzungu, na nani asingepata? Akapewa cha kizunguzungu. Kile cha kizunguzungu kikamletea kutetemeka mikono.

Unaona mchezo ulivyo? Na kinachonikera zaidi ni kwamba kila kimoja kilikuwa na sababu yake. Havikuwa vitu vya magendo. Ni vidonge ambavyo nusu ya wazee wa wilaya hii wanavyo kabatini. Kila kilipoleta tatizo, tatizo lile liliitwa ugonjwa mpya, na ugonjwa mpya ukapewa kidonge chake. Hakuna hata mtu mmoja aliyerudi nyuma kuangalia ulipoanzia.

Mwili wake ulikuwa unapiga kelele lakini hatukuelewa. Mdomo ulimkauka mpaka mkate unamganda kaakaani. Alikuwa ananyonya ndimu mchana kutwa. Choo kilimfunga. Macho yakawa na ukungu, akaacha kufuma. Halafu maneno yakaanza kumponyoka. Chumvi aliiita "ile nyeupe ya kuliza".

Unakumbuka alivyokuwa mezani akishika karata. Wanaume wazima walirudi nyumbani wamenuna kwa sababu yake. Basi Jumamosi moja nilikuja kumtembelea, nikamkuta anacheza na jirani yetu Rozi pamoja na wenzake. Mama ameshika karata zote zimewatazama wao.

"Filumena, unatuonyesha karata zako," Rozi akamwambia taratibu.

"Ndiyo," Mama akajibu. "Si nzuri?"

Wakatazamana. Kisha wakamwachia ashinde. Mama Mdogo, watu walimwachia Filumena ashinde! Nilikwenda nje, nikasimama nyuma ya banda la kuku mpaka nilipoweza kurudi.

Baadaye akaanza kuwaona wanaume barazani. Wakata miwa wa zamani, kofia zimelowa mvua, wamekaa kimya wakisubiri chai. Alituamrisha tuwachemshie. Hapo Salvu akampeleka tena kwa yule daktari, naye akamuuliza ni mwaka gani, ni siku gani, akamwambia ataje jina la Waziri Mkuu. Mama akamtajia jina la padre. Daktari akamgeukia Salvu. "Ni umri, bwana. Sote tutafika huko." Akaandika kidonge cha kumbukumbu.

Sasa sikiliza, maana hili nilikuja kuelezwa baadaye. Kidonge cha kumbukumbu na kidonge cha kibofu vinapigana. Ni kama uwe na wafanyakazi wawili shambani, mmoja anafungua mfereji wa maji, mwingine anakuja nyuma yake kuuziba, na wewe unawalipa wote wawili. Tena kile cha kumbukumbu kinazidisha haja ndogo. Basi Mama akazidi kujikojolea, na daktari akafanya nini? Akaongeza kile cha kibofu.

Sijui nikueleze vipi jinsi Lorraine alivyokuwa anamhudumia. Alimvalisha nepi ingawa Mama angeweza kwenda chooni kama angeshikwa mkono. Alimsagia chakula kwenye mashine, samaki, viazi na karoti pamoja, kinatoka uji wa rangi ya saruji, na akamlisha kwa kijiko cha plastiki. "Tumekula vizuri leo? Tumemaliza? Msichana mzuri!" Halafu anapiga makofi. Mwanamke aliyevuka bahari na sanduku moja, aliyefukuza nyoka ghalani kwa jembe, anapigiwa makofi kwa kumeza karoti.

Na hilo si baya kuliko yote. Salvu alikuwa amekwisha kumtafutia nafasi katika makao ya wazee, na dalali akaja kupiga picha nyumba. Alipiga picha chumba hadi chumba, na Mama mwenyewe amekaa mle ndani. "Bibi, unaweza kusogea kidogo? Unaingia kwenye picha." Hayo Rozi aliyasikia kwa masikio yake.

Samahani kwa hili linalofuata, maana linakuhusu. Kile kitandiko cha lesi ulichomfumia Mama alipoolewa, kile kilichokuchukua majira mawili ya baridi, Lorraine alikichukua. Alisema Mama hajui tena kilipo wala kilikotoka. Akakikata. Akatengeneza vitambaa vya kuwekea glasi, akawagawia wenzake wa tenisi. Mimi nilijua nilipokaribishwa kwake, nikaona kopo la bia limekaa juu ya waridi lako, limeacha duara la kahawia. Nililisogeza lile kopo, nikaaga. Sikutukana. Mpaka leo najilaumu kwamba sikutukana.

Aprili Mama akaanguka bafuni, akavunjika kifundo cha mkono. Nikaendesha gari kutoka Townsville bila kusimama. Hospitalini mjini nilimkuta amefungwa plasta, anavuta nyuzi hewani ambazo hazipo, na Salvu amekaa pembeni anaangalia simu.

Akaja daktari bingwa wa wazee, mama mmoja mwembamba kutoka Sri Lanka, Daktari Weerakoon. Hakuanza na vitu vyake vya kupimia. Alivuta kiti, akamwangalia Mama macho, akamwambia atoe ulimi, akaugusa. Ulikuwa mkavu kama ngozi ya ngoma.

"Mama yenu alikuwaje mwaka juzi?" akatuuliza.

"Alikuwa anaendesha pikapu," nikasema, "na kuwatukana madereva wa malori."

"Alianza kubadilika lini?"

"Polepole tu," Salvu akadakia. "Ni uzee, daktari."

"Sijakuuliza kwa nini. Nimekuuliza lini."

Salvu akarudi kwenye simu yake. Mimi nikahesabu kwa vidole, nikasema ilikuwa baada ya kufiwa, baada ya ule mkanda wa jeshi, na ilizidi baada ya kile cha kibofu. Nilijisikia mwenyewe nikiyasema, nikaelewa. Nadhani hata daktari aliniona nikielewa.

"Nendeni nyumbani," akasema, "mniletee kila dawa iliyo katika nyumba ile. Ya cheti na isiyo ya cheti. Ya kikohozi, ya mafua, ya kupaka. Hata ya mbwa, kama Mama huwa anaonja."

Nilikusanya kabatini, kwenye droo, dirishani jikoni, ndani ya mkoba wake wa kanisani. Nilivitia kwenye foronya kwa sababu sikuwa na mfuko wa kutosha. Ilijaa, Mama Mdogo. Nilipoibeba begani ilikuwa inachacharika kama kayamba.

Daktari Weerakoon alivimwaga vyote juu ya kitanda kitupu, akaanza kuvichambua kama mtu anayechagua mchele. Akatenga boksi moja upande, na jingine, na jingine. Kila alipotenga, midomo yake ilizidi kukaza.

"Tazameni hivi," akasema. "Hiki cha usingizi, hiki cha mzio, hiki cha mishipa, hiki cha kibofu. Majina tofauti, kazi tofauti. Lakini vyote vina tabia moja. Ubongo una mjumbe wake, ndiye anayebeba kumbukumbu na maneno kutoka hapa kwenda pale. Hivi vyote vinamziba mjumbe huyo mdomo. Kijana anaweza kuvumilia. Mzee, kimoja pengine atavumilia. Vyote hivi kwa pamoja, kila siku?" Akatikisa kichwa. "Mimi mwenyewe ningewaona hao watu barazani."

"Kwa hiyo hana ule ugonjwa?" nikauliza.

"Sijasema hivyo. Huenda ugonjwa upo chini yake. Siwezi kuona sakafu kabla ya kufagia. Nikimaliza kufagia nitakwambia."

Salvu akasimama, uso mwekundu. "Basi vitupwe vyote! Leo hii!"

"Ukivitupa vyote leo utamwumiza kwa namna nyingine. Vingine vinaachwa mara moja, vingine vinapunguzwa kidogo kidogo, mwili usishtuke. Na hiki," akainua boksi la dawa ya shinikizo la damu, "hiki kinamsaidia. Hakuna wa kukigusa."

Majuma yaliyofuata sitaki kuyakumbuka. Mama alitoka jasho, alitapika, hakulala, alimng'ata muuguzi. Maumivu ya ubavu yalirudi, wakampaka dawa ya kutia ganzi badala ya kummezesha. Walimfundisha tena kwenda chooni kwa saa maalumu, na mazoezi ya kukaza misuli ya huko chini, Mungu nisamehe kwa kukuandikia. Kuna siku nilifikiri tumeharibu hata kile kidogo kilichokuwa kimebaki.

Kisha mchana mmoja ililetwa sahani ya chakula cha kusagwa, mafungu matatu, la kahawia, la kijani na la rangi ya chungwa. Mama akainusa. Akaisukuma kwa kidole kimoja.

"Nani katapika hapa?" akauliza.

Muuguzi akatabasamu. "Ni kuku, mpenzi."

"Kuku huyu alikufa kwa ugonjwa gani?"

Mama Mdogo, nililia, nikacheka, nikapaliwa. Mama akanigeukia, akanitazama kama anavyomtazama mtu aliyeingia na matope ndani ya nyumba. "Na wewe, Pawlina, nywele hizo umezifanya nini?"

Alikuwa yeye. Yeye kabisa, na kinyaa chake chote.

Juma lile Lorraine akaja na maua. Akamkuta Mama anakula biskuti kwa mkono wake, akapiga makofi. "Msichana mzuri!" Mama akaweka biskuti chini. "Lorraine, mimi si mbwa wako," akasema. "Ukinipigia makofi tena nitakubwekea mbele ya watu." Lorraine akaacha maua, akasema ana miadi.

Mwezi wa Juni akarudi nyumbani. Aliingia chumbani, akaangalia kitanda bila kitandiko chako, akaniuliza kiko wapi, nikamwambia. Akaangalia ukutani palipokuwa na picha ya harusi, Lorraine alikuwa ameshaipakia. Akaniomba nimwalike Salvu na mkewe Jumapili. Akapika mwenyewe, mkono mmoja ukiwa bado mnyonge, supu ya maharage na jibini za mbuzi, kama anavyopika siku zote.

Walipokaa, akawagawia. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Salvu, yule mtu mwenye kamera alikuwa nani? Nilidhani nimemwota."

Salvu akashusha kijiko. "Ma, sisi tulidhani..."

"Mlidhani nimekufa nikasahau kulala chini."

"Tulitaka uwe salama, Ma. Daktari alituambia hakuna dawa ya hali ile."

"Dawa zilikuwepo. Zilikuwa nyingi mno."

"Hatukujua, Filumena," Lorraine akasema. "Haki ya Mungu, tungejua vipi? Mimi ndiye niliyekuosha. Ni mimi, si Pawlina."

Na hilo, Mama Mdogo, ni kweli, na linanikera kwamba ni kweli. Aliosha. Alichokata alikata, lakini aliosha. Mama akaweka kijiko chini.

"Uliniosha," akasema. "Nakushukuru kwa hilo. Lakini lesi ya dada yangu haikuwa chafu."

Lorraine akainuka, akaenda kukaa ndani ya gari. Salvu akaanza kulia, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, machozi na kamasi, na huku anaendelea kula. Nilishindwa kumtazama. Mama akamsukumia kitambaa. "Futa pua. Unaidondoshea supu yangu."

Dalali alifukuzwa siku iliyofuata. Vitambaa vya glasi Lorraine alivikusanya baadhi, akavileta ndani ya bahasha. Mama alivinusa, akasema vinanuka bia, arudi navyo. Salvu anakuja kila Jumatano kukata majani na kumwuliza Mama kama anahitaji kitu. Mama anamjibu kwamba anahitaji akate majani.

Kwa yule daktari tulikwenda pia, Mama ndiye aliyetaka. Alivaa gauni la misa. Daktari akasoma ripoti ya hospitali akiwa amesimama, akasema, "Vizuri, vizuri, amepata nafuu. Wazee wana siku nzuri na siku mbaya."

"Daktari," Mama akamwambia, "ulipokuwa unaniongezea kidonge cha mwisho, uliwahi kujiuliza cha kwanza kinafanya nini?"

Akaangalia saa. "Bibi, wewe ndiye uliyekuwa unakuja kulalamika."

"Kweli," Mama akasema. "Nililalamika. Ndiyo kazi ya mgonjwa. Sasa niambie yako."

Hakuona haya, hakuomba radhi, hakututazama. Alifungua mlango na kumwita mgonjwa anayefuata, mzee mmoja wa watu ameshika mkoba wake magotini, na nikasikia sauti iliyokuwa inachacharika mle mkobani. Tumepeleka malalamiko kwa wanaowasimamia madaktari. Hawajajibu. Mama tumemtafutia daktari mwingine, msichana anayeuliza maswali.

Sitakudanganya kwamba amerudi kikamilifu. Daktari Weerakoon amempima mara mbili, anasema kuna udhaifu kidogo, huenda wa umri, huenda wa mwanzo wa kitu, ataendelea kumwangalia. Majina yanampotea, hasa jioni akichoka. Na ule mwaka mzima umekwenda. Misa ya kumbukumbu ya Baba alikaa benchi la mbele, ameshika mshumaa, na haikumbuki. Alinitaka nimwambie padre alisema nini. Nani atamrudishia hiyo misa?

Ndipo nafika kwa Mjomba Wistin.

Mwezi uliopita tulikuwa tunakamua maziwa kwa ajili ya jibini, akaniambia, "Wistin hajapiga simu siku nyingi. Amenuna nini safari hii?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikafunika ndoo, nikamwambia. Akaendelea kushika kamba ya mbuzi.

"Lini?"

"Novemba, Mama."

"Nilijua?"

"Uliambiwa. Mama Mdogo Liberata alikupigia."

"Nikasema nini?"

Nilitaka kudanganya, Mungu anajua. Lakini watu wamemdanganya kwa upole mwaka mzima, na nilijichukia kwa kufikiri kuwa mmoja wao. Nikamwambia kila neno, kicheko, hongera, na sungura. Akaniangalia mdomo, kana kwamba ni mimi niliyesema.

"Kinywa hicho kilikuwa changu?" akauliza.

Akatema mate chini. Akafuta mdomo kwa aproni, akafuta tena, mpaka midomo ikawa myekundu. Kesho yake akavaa nguo nyeusi, akawaambia Rozi na wenzake kwamba amefiwa na kaka yake, na walipomwambia pole, ni ya zamani hiyo, akawaambia, "Kwenu ya zamani. Kwangu ni ya jana."

Ndiyo sababu ya barua hii. Aliyecheka siku ile alikuwa amezibwa, Mama Mdogo. Hakuwa anakucheka wewe, wala Mjomba.

Neno moja jingine, nawe usinikasirikie. Dolor ameniambia kwamba nawe una kidonge chako cha usingizi, na kingine cha kibofu, na unakunywa dawa ya mafua ukitaka kulala vizuri zaidi. Usivitupe, nakuomba, na usiache kimoja kwa hasira za kwangu. Vikusanye vyote, hata vile vya mkobani, umpelekee daktari wako au mfamasia, umwulize kimoja kimoja: hiki bado kinanifaa? Kinapatana na vile vingine? Akiangalia saa, tafuta mwingine.

Nisalimie Dolor na mumewe Grezju, na mapacha wao, waambie mama yao mkubwa wa mbali anawakumbuka. Msalimie jirani Ganna, na umwambie Mama anamwulizia kama bado anaiba tini. Msalimie pia mjane wa Mjomba, Stella, kwa namna utakayoona inafaa. Bikira awafunike nyote kwa joho lake, awape usingizi usiohitaji kununuliwa, na akuhifadhie akili yako na ukali wako.

Mimi binti wa dada yako, nikupendaye kutoka upande huu wa dunia,

Pawlina

Liberata,

Mwandiko huu ni wangu, mkono haujapona vizuri, usinicheke. Nimeisoma barua yote. Ni kweli. Siku ile siikumbuki, na kusema samahani kwa jambo nisilolikumbuka naona ni kama kuvaa nguo ya mtu, lakini samahani. Nipigie Jumapili baada ya misa yako. Nieleze upya tangu mwanzo, kama vile hujawahi kuniambia. Wistin aliumwa nini, nani alimvalisha, alisema nini mwisho, nani alilia kweli na nani hakuja mazishini. Usiruke kitu. Nitakuwa nimekaa karibu na simu.

Filumena